Msonobari Tuliounywa

Nilipokuwa mtoto nilikunywa mti. Sisemi niliupanda, wala kwamba nilikaa kivulini pake nikisoma kama watoto wa vitabuni. Nasema niliunywa, kikombe kizima, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa muda wa wiki saba. Tangu hapo nimetembea duniani, na tumbo langu hili nimelipeleka mahali ambapo mwenye akili hapeleki hata viatu. Aisilandi nimekula papa aliyeozeshwa makusudi. Bangkok nilitafuna kitu nilichoambiwa ni mende wa majini, nikauliza kama kuna kingine. Hakuna kati ya hivyo kilichofikia hata kifundo cha mguu cha ule mti. Mpaka leo, mtu akipita na ndoo ya ile sabuni ya kusafishia ngazi yenye harufu ya msonobari, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa Msamia wa upande wa Uganda, aliyefika Stockholm mkimbizi na suti moja na vyeti vitatu, akaishia kuendesha basi. Mama alikuwa Mkenya, mhudumu katika nyumba ya wazee. Mimi nilizaliwa huku, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wa ukoo kabla sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Wa nne alikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyeletwa kutoka Busia baada ya Babu kufariki, kwa sababu kule hakubaki mtu wa kumtunza.

Bibi alikaa nasi miezi minane katika mtaa wa Husby, ghorofa ya tano, akitazama vichwa vya watu kutoka juu.

"Nyinyi huku mnaishi kama kunguru," alisema. "Mtu akimwaga maji hayasikii yameangukia wapi."

Mwanzoni tulicheka. Kisha akaacha kula vizuri. Kisha akaanza kuikunja nguo moja baada ya nyingine na kuirudisha kwenye sanduku. Akamwambia Baba, kwa upole, kwamba anataka kurudi akafie penye udongo. Baba alimjua mama yake, hakuwa mtu wa kutisha bure.

Ndipo akatokea Gunvor. Alikuwa mmoja wa wazee aliowahudumia Mama kazini, mjane mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, aliyekuwa na kinyumba chake cha mbao Jakobsberg, nje ya mji, kimefungwa tangu ahame. Alimpenda Mama kwa sababu Mama hakumsemesha kama mtoto mchanga. Akasema tuhamie. Tukae kuanzia Aprili hadi sikukuu ya katikati ya kiangazi, halafu yeye ataamua kama tuendelee au tutoke. Sharti lilikuwa moja tu: tuutunze mti.

Na mti wenyewe ulikuwa mti kweli. Ulikuwa msonobari wa asili ya hukohuko, uliokuwepo kabla ya nyumba, kabla ya barabara, kabla ya reli. Baba na Mama waliukumbatia kwa pamoja na vidole vyao havikugusana. Chini gamba lake lilikuwa la kijivu, limepasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Juu liligeuka rangi ya machungwa, laini, likibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Kwa kuwa ulikulia peke yake uwanjani bila kubanwa na wenzake, matawi yake upande wa kusini yalishuka chini hadi usawa wa kifua cha Bibi. Kumbuka hilo la kifua cha Bibi, ndilo lililotuponza.

Siku ya kuhamia, Gunvor aliletwa na gari la kusafirishia wazee. Akasimama chini ya mti na fimbo yake, akahutubia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikikalimani huku jicho moja liko kwenye dirisha, kwa maana ndani kulikuwa na televisheni na kipindi changu kilikuwa kimeanza. Nilikuwa mkalimani wa aina ile ambayo mzungumzaji akisema dakika tatu, yeye hutoa maneno mawili.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi akaniambia, "anasemaje huyu?"

Aliniita mke mwenza kwa utani wa bibi na mjukuu. Kwa hesabu zake sote tulikuwa wake wa marehemu Babu, na mimi ndiye yule mdogo, mvivu, asiyejua kusonga ugali.

"Anasema usilime karibu na shina."

"Maneno yote yale?"

"Na usirundike udongo kwenye mizizi. Na Baba asiegeshe gari hapo. Na ukame ukija tuumwagilie."

Hayo niliyapata sawa. Kisha Gunvor akapunguza sauti, akaweka kiganja kwenye gamba, akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia: *vårdträd*. *Träd* ni mti, hilo lilijulikana. Na *vård*, mtoto gani wa nyumba yetu asiyejua *vård*? Ndiyo kazi ya Mama! Mama alifanya kazi katika *vård*. Husby nzima, nusu ya akina mama walifanya kazi katika *vård*: kugeuza wagonjwa, kupima presha, kubadilisha nepi za wazee. Nikaunganisha vipande viwili, nikamgeukia Bibi kwa kujiamini kwa mtu mjinga.

"Anasema huu ni mti wa matibabu."

Bibi akautazama mti kuanzia chini hadi juu. "Hata mimi nilijua," akasema. "Mti mkubwa namna hii hauwezi kukaa bure. Muulize unatibu nini."

Gunvor alikuwa bado anaongea, tena kwa uchungu, akionyesha matawi, kisha nyumba, kisha tumbo lake. Nilisikia neno la kuvunja na neno la ugonjwa. Kutoka dirishani nilisikia muziki wa kipindi changu. Sikuuliza.

"Unatibu kifua," nikasema. "Na tumbo. Magonjwa yote ya nyumbani."

Asubuhi iliyofuata nyumba ilinuka kama hospitali imeangukiwa na msitu. Bibi alikuwa ameshakata vijiti, pamoja na majani yake yote membamba kama sindano, akavichemsha katika sufuria ya ugali na tangawizi na chumvi. Kilichotoka kilikuwa maji ya kijani ya chooni, na juu yake umetanda utando wa utomvu uliong'aa rangirangi kama dizeli kwenye dimbwi. Ukinywa, utando ule ulibaki nyuma ya meno ya juu, ukanata, na ulimi ukawa unaurudia siku nzima kama mbwa anayelamba kidonda. Nikicheua darasani mwalimu alifungua dirisha. Sufuria yenyewe haikutakata tena. Ilipata mkanda mweusi wa kunata ndani, na ugali uliosongwa humo ulikuwa na ladha ya rangi ya mlango.

Baba alikunywa mbele ya mama yake, akatembea kwa adabu hadi bafuni, akatema. Mama alisema yeye hunywea kazini. Mimi sikuwa na bafu wala kazi. Bibi alinisimamia mpaka tone la mwisho, akasema, "Mke mdogo akiugua, nani atanifulia?"

Na lazima niseme ukweli: Bibi alichanua. Alikuwa anakula. Alimwaga maji yake ya vyombo ukutani mwa nyumba na kusikiliza yanavyoanguka. Alipanda sukuma wiki mbali na shina, kama alivyoagizwa, na jioni aliumwagilia mti kwa ndoo, polepole, akizunguka duara pana kama mtu anayenawisha miguu ya mgeni. Sanduku lake liliingia chini ya kitanda. Mimi niliona hayo yote, nikasema moyoni basi, uongo huu una faida, acha ukae.

Mei ilipokwisha, upande wa kusini wa mti ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa na mtu aliyeitwa kabla hajamaliza. Na Juni ilipoanza, wakaja wadudu.

Walikuwa viwavi wa kijivu-kijani, vichwa vyeusi vya kung'aa kama vichwa vya pini, wamekaa kwa mamia, wamelifunika tawi mpaka huoni sindano. Kiwavi mmoja ni mnyama wa Mungu, hana neno. Mamia ni kitu kingine. Ukilikaribia tawi, wote kwa pamoja, kwa mara moja, waliinua nusu ya mwili na kukutazama, wamejikunja kama herufi S, na kila mmoja akatoa tone la utomvu mdomoni. Walitema kama abiria mia wa basi moja waliopata kichefuchefu kwenye kona moja. Nikipiga makofi waliinuka. Nikikohoa waliinuka. Niliota meno yangu yanainuka vile.

Bibi hakuwaona vizuri. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwake tawi lilikuwa tawi.

Jumatano moja nilikunywa kikombe changu kwa mbinu yangu ya kawaida, pua nimeibana na macho nimeyafumba, mpaka kitu laini kikagusa mdomo wa juu. Nikafumbua macho. Kwenye tope la tangawizi chini ya kikombe walikuwa wamelala saba au wanane, wamechemka, wamenyooka, wamevimba, weupe tumboni, vichwa bado vyeusi. Na niliwajua kwa tabia yao kwamba hawatembei saba saba. Wenzao walikuwa wapi? Nilijua walipokuwa.

Sitaeleza yaliyofuata, isipokuwa kwamba Baba naye, aliyekuwa ameshikwa na Bibi akanywa chake mpaka mwisho, hakufika bafuni. Mama, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya alikuwa na mapumziko, alikunywa nusu na kutapika kamili. Bibi, kwa heshima ya ukubwa wake, alikuwa amekunywa vikombe viwili. Sisi tulitapika siku moja. Yeye alilala siku tatu.

Siku hizo tatu kazi yangu ilikuwa ndoo. Nilishika ndoo akitapika, nilitoka nayo nikaimwaga, nikaisuuza, nikairudisha. Ilikuwa na nyongo na utomvu, vikishikana pembeni kwa nyuzi, na mimi nilikuwa nachubua zile nyuzi kwa kijiti huku nikitapika tena juu ya kazi niliyokwisha fanya. Tulikuwa na siku tatu mimi na yeye, mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine. Kila niliporudi na ndoo nilifungua mdomo. Kila mara nikasema, "Imekuwa safi, Bibi."

Mama ndiye aliyeuliza kazini. Alirudi Ijumaa, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Nani alisema huu ni mti wa matibabu?"

Bibi alikuwa ameegemezwa mito kwenye kochi la jikoni.

"Neno hilo maana yake ni mlinzi," Mama akaendelea. "Mlinzi wa boma. Mtu hathubutu kuvunja hata kijiti. Akivunja, ugonjwa unaingia nyumbani. Wazee wote kule wanajua. Mmoja kaweka chini kijiko chake kabisa nilipomwambia tunaupika. Na Gunvor anakuja Jumapili kuamua!"

Baba akaangalia dirishani, kwenye ule upande ulionyonyolewa. "Basi tuanze kufunga mizigo," akasema. Akamtazama mama yake.

"Nani alisema?" Mama akarudia. Macho yake yalikuwa kwangu. Yangu yalikuwa kwenye bakuli la sukari.

"Mimi nilisikia vibaya," Bibi akasema.

"Mama," Baba akasema, "wewe Kiswidi unajua neno moja tu la salamu, *hej*."

"Basi hilohilo ndilo nililosikia vibaya."

Jumapili gari la wazee likaja. Gunvor aliteremka, akatembea na fimbo yake hadi upande wa kusini, akasimama. Viwavi wakainuka wote kumsalimia. Akahesabu vidonda vya kisu kwa ncha ya fimbo, kimoja kimoja, mpaka akaacha kuhesabu.

"Nani?" akauliza.

Bibi alikuwa ametoka nje kwa miguu yake, amejifunga leso kiunoni, amekonda uso. Alielewa swali bila mkalimani.

"Mwambie ni mimi," akaniambia. "Na leo usiyakate maneno."

Nikasema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitafsiri bila kukata, nikapitiliza. Nilimwambia Gunvor kwa Kiswidi kwamba Bibi alikata kwa mkono wake lakini mimi ndiye niliyemwambia vibaya. Kwamba nilikuwa nataka televisheni. Kwamba neno la ugonjwa nililisikia na nikaliacha. Kwamba Bibi amebeba lawama yangu tangu Ijumaa, na akirudishwa ghorofani atakufa. Nilisema huku kamasi zinaingia mdomoni. Mama aliyeelewa yote akaziba mdomo wake. Baba akatazama viatu.

Gunvor akasikiliza. "Mliugua?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Bibi siku tatu."

Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akasema mumewe alikata tawi moja la kusimamishia antena, akavunjika mguu wiki hiyohiyo, na watu wakamcheka yeye Gunvor alipowaambia kwa nini. Wafanyakazi wa umeme, kwa upande mwingine, walikata matawi mawili wakaenda zao wakila mkate. Hawakupata hata mafua.

"Mgeni haugui," akasema. "Mti haumjui. Huugua wenye nyumba." Akatugonga kwa fimbo hewani, mmoja mmoja, mpaka wanne. "Kaeni."

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema tukae."

"Maneno yote yale, tukae tu?"

"Ndiyo, Bibi."

Alinitazama muda mrefu. "Haya," akasema.

Kisha Gunvor akaniachia fimbo yake, akakunja mkono wa sweta, akalishika tawi kwenye shina lake kwa kiganja kitupu, akavuta mpaka ncha, kama mtu anayekamua ng'ombe. Ilisikika sauti. Naomba radhi, lakini ilisikika: kitu kama mtu mzima anayetafuna zabibu mdomo wazi. Uji wa kijani ukapita katikati ya vidole, ukachuruzika hadi kiwiko. Akasema hawaui mti hawa, wanauaibisha tu, na sumu haitakiwi, mikono inatosha. Akalishika la pili. Bibi akapandisha gauni kidogo, akasogea, akashika la tatu. Wale vikongwe wawili walikamua viwavi mchana kutwa bila lugha, wakionyeshana viganja na kucheka, na mimi nilitapika kwenye sukuma wiki.

Walipomaliza, Gunvor akatoa chupa ya bia kwenye mkoba. Akaeleza kwamba kwa kweli mti hunyweshwa bia Alhamisi, lakini gari la wazee lilipatikana Jumapili tu. Akamimina nusu kwenye mizizi, kimya, akampa Bibi chupa.

Bibi, mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha Umoja wa Akina Mama sandukuni, akaishika chupa na kuitazama. "Kumbe nao wana tambiko!" akasema. "Na walivyotusumbua tuache yetu!" Akamimina iliyobaki, akisema maneno ya Kisamia ambayo sikuyajua, kwa hiyo hayo siwezi kudai kwamba niliyakata.

Tulikaa. Bibi aliishi katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, akafa mwezi wa Agosti, dirisha wazi. Sasa nyumba ni yangu na mume wangu, na mti ni wetu wa kuutunza. Sina imani kubwa na mambo haya, na nimejaribu kuwa mtu wa kisasa katika mabara manne, lakini sivunji kijiti. Mume wangu alitaka kupigilia msumari wa taa za Krismasi, nikamwambia apigilie kwenye paji la uso wangu kwanza. Ukame ukija tunaumwagilia kwa duara pana. Na Juni viwavi wakija, maana hawaji kila mwaka, nashika tawi kwenye shina na kuvuta mpaka ncha, kiganja kitupu, macho nimeyafumba, na bado nachukia kila hatua ya kazi hiyo.

Ila sijaacha kuhesabu jambo moja. Siku ile chini ya mti niliungama, na watu husema ukiungama unapona. Lakini niliungama kwa lugha ambayo Bibi hakuijua, mbele ya macho yake, na aliponiuliza Gunvor amesemaje nilimpa neno moja. Miaka kumi na mmoja iliyofuata ilikuwepo yote ya kuungama tena kwa Kiswahili. Je, alijua? Alijua tangu Ijumaa, kabla hata Mama hajavua koti. Lakini kujua kulikuwa kwake, kusema kulikuwa kwangu.

Utomvu hutoka mkononi kwa mafuta ya kupikia, usipoteze maji. Harufu ya viwavi hutoka kwa ndimu na chumvi. Hilo jingine bado sijapata linatolewa kwa kitu gani.